Jicho la kushoto limebaki mahali pake

Garissa, Alhamisi, 1998

Joto limeshika tangu asubuhi, hata mbuzi wa jirani hapa mtaani Galbet wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Lakini moyo wangu umepoa. Jana nilikuwa Nairobi. Daktari alilichungulia jicho langu la kushoto kwa muda mrefu, kisha akasema uvimbe umenywea, limebaki kovu tu.

Alhamdulillahi.

Mwaka jana nilikuwa naficha kwamba sioni vizuri. Darasani mistari niliyoichora ubaoni ilionekana imepinda, nikajiambia ni vumbi, ni uchovu wa ualimu. Aliyenigundua ni dada yangu Halima, alipokuja kututembelea kutoka kijijini kwake Diff. Nilimmiminia chai nje ya kikombe. Akafuta mkeka, na wiki ile ile akanipeleka hospitali.

Daktari wa Nairobi alisema ni melanoma, saratani iliyoota ndani ya jicho, nyuma kabisa. Kwa watu weusi kama sisi ni nadra sana. Mara nyingi jicho lenyewe hutolewa. Lakini uvimbe wangu ulikuwa bado mdogo, na palikuwa na tiba mpya ya kuuchoma polepole kwa joto la leza, mwanga ukipitia kwenye mboni. Hakuniahidi kupona.

Halima anajua Kisomali tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Na hapo nilifanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwambia ni kauvimbe kadogo, kama jipu. Neno saratani nililimeza.

Siku ya kwanza walinitia dawa ya kutanua mboni, wakanipiga sindano ya ganzi kando ya jicho. Nikaweka kidevu kwenye mashine. Nilitegemea moto; nilichohisi ni kama mtu ananibonyeza kutoka mbali. Halima alikaa nyuma yangu, nikisikia tasbihi yake. Tulirudi mara mbili zaidi, miezi ikipita katikati, na kila mara alisafiri kutoka Diff.

Leo mchana nimemweleza ukweli wote. Nilidhani atakasirika.

"Nilijua, abaayo," akasema, akiniita dada kwa Kisomali. "Ulikuwa unanitafsiria huku unalia."

Mimi sikujua kwamba nililia.

Akaniambia alinyamaza kwa sababu aliona kuwa uongo ule nauhitaji mimi kuliko yeye. Nikamlalia mapajani kama nilivyokuwa nikifanya utotoni.

Jicho si lile la zamani. Pana doa jeusi pembeni ambalo halitaondoka, na lazima nirudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Hofu bado ipo. Lakini nina jicho, nina kazi yangu, nina Halima.

Kesho asubuhi anarudi Diff kwa watoto wake. Kabla lori halijaondoka nitasimama mbele yake nimtazame vizuri, kwa macho yote mawili.