Nimefufuka Kwenye Majani Chai

Dada Nekesa,

Hamjambo huko Kimilili?

Unajua hii njia ya Kericho mpaka Siongiroi naitembea kipande kipande, nikipata likizo. Kipande cha Aprili kilinifikisha kwa Mama Chebet, kwenye kibanda cha kupimia majani chai. Alinipa chai ya maziwa, akampigia simu mdogo wake wa Siongiroi anipokee nikifika. Mbele kidogo mvua ya mawe ikanipata, nikateleza, goti likafura, nikapanda gari nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Si njia ingeningoja?

Leo nimerudi niendelee pale nilipoachia. Nikapitia kibandani, nikamsalimu Mama Chebet kwa Kikalenjin, "Chamgei, mama!" Akaangusha kikapu, akapiga nduru. "Wewe si ulikufa?"

Nekesa, kumbe nilitafutwa! Mdogo wake alinichinjia kuku, akangoja, sikufika. Wanaume wakashuka mtoni na fimbo ndefu. Mama Chebet mwenyewe akaenda mpaka hospitali ya Longisa, akaangalia kitanda kwa kitanda. Kanisani wakaniombea, na jina langu hawalijui, wakamwambia Mungu ni yule mama wa kofia nyekundu.

Mimi nilikuwa kwangu, nakanda goti na maji moto.

Mama Chebet hajaniachilia mkono tangu asubuhi, ndiyo maana mwandiko umepinda hivi. Kesho ananisindikiza mwenyewe. Amekataa katakata niende peke yangu.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Na siku nikipotea kweli, dada, usilie sana. Huku nina watu wa kunitafuta.

Wako,
Nafula