Gauni la Shule Lililopunguzwa Kiuno Mara Tatu

3 Machi

Shangazi shikamoo,

Za huko? Mgongo umeacha kuuma? Mimi mzima, fundi cherehani sasa ananiachia nishone kola.

Nimepata gauni la mdogo wangu. Umeniambia nipunguze kiuno. Shangazi, hii mara ya tatu toka mwaka uanze. Mi sijui kuandika vizuri ila futi najua kusoma. Inchi mbili, moja na nusu, leo mbili tena. Mtoto wa miaka tisa anakua au anarudi nyuma? Anakula nini huko kwako? Nauliza tu.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu marahaba,

Mgongo ule ule. Unauliza tu? Nakujua wewe, mdomo huna ila macho yako yanahoji kama polisi.

Anakula kumshinda fundi wako na cherehani yake juu. Halafu anakunywa maji kama mfereji, na kila asubuhi godoro limelowa. Mkubwa yule! Nimeanza kuifungia ndoo ya maji kabatini jua likizama. Nguo zikimpwaya, basi ni kosa langu?

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi shikamoo,

Nashukuru mnaendelea. Gauni hilo kwenye mfuko, mpe mwenyewe mkononi.

Unamfungia maji. Toka mama atutoke tumekaa nyumba nne, na kila nyumba palikuwa na kitu kinafungwa. Chakula, mlango, sabuni. Sikusema kitu nyumba zote hizo. Sasa nasema. Ninakuangalia, Shangazi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Sisi si wazima. Mtoto alianguka darasani, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyooza. Ni kisukari, kile kinachowashika hata watoto. Sindano kila siku, maisha yake yote.

Nilimuuliza daktari, ni chakula changu? Akasema si chakula wala si mkono wa mtu. Akaniuliza alivyolelewa. Nikamweleza baba yenu alivyokuwa akimpiga mama yenu, mtoto chini ya kitanda. Akasema wapo wanaochunguza, wanaona walioteseka udogoni huenda wakaupata zaidi, ila kwa huyu wetu hakuna wa kusema ndiyo chanzo.

Nilimfungia maji mgonjwa. Hilo ni langu, nalilia.

Lakini tumerudi nyumbani jana kutoka hospitali na hataki sindano. Kang'ata mkono wangu. Kanionyesha karatasi uliyoficha kwenye mfuko wa gauni: “Shangazi akikupa dawa yoyote, tema. Usimwamini.” Mwandiko wako. Daktari kasema akikosa sindano siku chache tu tunamzika. Asubuhi tumemshika watu watatu ndipo akachomwa.

Mwandikie. Dereva wa lori la vitambaa atapita kwenu na hii.

Shangazi yako

3 Aprili

Shangazi shikamoo, nisamehe. Msomee hii kwa sauti:

Mdogo wangu, ni mimi. Nilikosea. Niliona kiuno chako kinaisha nikadhani unanyimwa chakula na kupewa dawa za kukukondesha. Shangazi hana ubaya. Ile sindano ndiyo inafanya chakula kikae mwilini. Unakumbuka baba alivyokuwa akianza kumpiga mama, nikikuziba masikio kwa viganja? Toka siku zile kila mtu mzima akishika ufunguo mimi namshuku. Hiyo ni shida yangu, usiichukue. Toa mkono akuchome. Tafadhali.

Kaka yako

4 Aprili

Mwanangu,

Nimemsomea mara mbili. Akaninyang'anya karatasi, akaisogeza dirishani, akaigeuza mbele na nyuma. Akasema, “Shangazi, hii umemlazimisha.” Nikamwambia angalia mwandiko. Akasema, “Kaka hajawahi kuandika tafadhali.”

Leo tumemshika watu wanne. Jirani mmoja amesema kesho haji, hawezi tena kusikia kile kilio. Mimi pia mikono inaniishia nguvu.

Usijibu barua hii. Dereva nimemwambia asiondoke bila wewe, yuko hapo nje ya kibanda cha fundi. Acha hizo kola, panda.

Shangazi yako