Kapu la Mwalimu wa Kushikilia

“Kapu haliendi popote, mama. Nimeshasema.”

“Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi.”

Mwaka umetimia leo tangu ututoke, Chiriku wetu, na hivyo ndivyo tulivyouadhimisha asubuhi: mumeo kashika kishikio kimoja cha kapu lako, mama yako kashika cha pili, wote wawili mlangoni mwa chumba, na mwalimu wa michezo yuko sebuleni akijifanya anakagua dari.

Unamjua. Ni yule uliyekuwa ukimtania kwamba anafundisha kwa filimbi kwa sababu maneno yalimwishia chuoni. Aliyepokea darasa lako la kwanza yuko likizo ya uzazi, na mwalimu mkuu amempa yeye alishikilie. Watoto wanampenda, lakini kusoma hawajasoma hata neno moja. Akaja kuomba kapu.

Wasiolijua kapu lenyewe wasikie. Ugonjwa ulipoanza kukutoa darasani siku hadi siku, hukulia. Ulishika mkasi. Ulikata kadi za herufi kwenye maboksi ya sabuni, ukaandika silabi kwenye vifuniko vya chupa, ukachora ndoo, kofia na kuku aliyefanana na kiatu. Kila zoezi lilikaa kwenye bahasha yake na maelezo yake juu, ili mwalimu yeyote atakayeingia, hata kama hajawahi kumfundisha mtoto kusoma, afungue na kuanza. “Atakayeshikilia darasa huenda hajui,” ulisema, “lakini watoto wasilipie hilo.” Sabuni za nyumba hii zilikaa uchi kwenye rafu muda wote huo.

Kila bahasha uliijaribia kwa mama yako. Ulimpa, ukaenda jikoni, ukafunga mlango. Akipiga tu kelele, “We Chiriku, hapa unataka nifanye nini?” ulirudi, ukachana maelezo, ukaandika upya. Yeye alikereka. Ana diploma yake ya ugavi, ameendesha ghala la vifaa vya hospitali, halafu anafelishwa na zoezi la watoto wa miaka sita!

“Hujafeli wewe, mama. Imefeli karatasi. Mimi sitakuwepo wa kuulizwa.”

Siku moja ukiwa umelala aliamua kukusaidia. Akapanga bahasha zote kuanzia a, b, ch, mpaka z, safi kabisa. Ulipoamka ulicheka hadi ukashika mbavu.

“Umelifanya ghala!”

“Ghala likipangwa, mtu hapotei.”

“Mtoto haanzii juu ya rafu, mama. Anaanza na irabu, kisha sauti anazozisikia kila siku nyumbani. Nirudishie vurugu zangu.”

Akakurudishia, akinung’unika.

Kutembea nawe kulikuwa adhabu. Ulisoma kwa sauti kila kibao cha njiani, cha kinyozi, cha duka la dawa, hata kile cha kukataza watu kutupa taka, na ukikuta kimekosewa ulisimama. Tulichelewa harusi mbili kwa ajili yako. Wazazi waliokuja kuchukua watoto wao bila kujua kusoma uliwaketisha nyuma ya darasa, ukawapa kadi kana kwamba unaomba wakusaidie kuzipanga. Wengi waliondoka wakijua kuandika majina yao, na hakuna aliyeaibika.

Turudi mlangoni.

“Mama, mwandiko wake wote umo humu,” mumeo alisema. “Wale watoto watazichana. Muhula ukiisha tutarudishiwa kapu tupu.”

“Zitachanika, ndiyo. Alizikata kwenye maboksi ya sabuni, hakuzichonga kwenye jiwe.”

“Na huyu hatazielewa. Mtu wa filimbi!”

“Nawasikia jamani,” mwalimu aliita kutoka sebuleni.

Mdogo wako ndiye aliyeanza kucheka. Mama yako hakucheka. Alichomoa bahasha moja, akaenda kumwekea mwalimu magotini. “Fanya hilo. Hapa hapa. Na hakuna wa kumsaidia.”

Mwalimu alisoma huku midomo ikimchezacheza. Kisha akainuka, akavuta kiti.

“Shemeji, samahani, kaa hapa. Shika kadi hii.” Ilikuwa ya m. “Nitataja kitu. Ukisikia sauti hiyo mwanzoni, nyanyua kadi. Usipoisikia, tulia. Meza.”

Mumeo alitutazama kama mtu aliyeonewa, akanyanyua.

“Kofia.”

Akatulia.

“Ndoo.”

Akanyanyua. Mawazo yalikuwa mbali. Mwalimu alichungulia bahasha, kisha akasema taratibu, bila kejeli, “Bado kidogo. Sikiliza tena.”

Ndivyo ulivyomwambia kila mtoto aliyekosea, kwa maneno hayo hayo, na ulikuwa umemwandikia atakayekuja ayaseme. Mumeo alikuwa hajayasikia tangu uondoke. Kapu lilikaa juu ya kabati lake mwaka mzima, na halikumwambia lolote.

Alijifuta uso kwa kiganja. “Sema tena, mwalimu.”

“Ndoo.”

Safari hii alitulia. Kisha akainuka, akalibeba kapu mwenyewe. “Liwekwe rafu ya chini,” alisema, “watoto walifikie.”

Hatukusubiri chai. Tuliongozana wote mpaka shuleni, mumeo mbele, mwalimu akimbembeleza ampokee kapu na yeye hataki. Darasa lako lina rangi mpya. Rafu ya chini ilikuwa na mipira. Mwalimu aliihamisha pale pale, na watoto wakaanza kusogea kabla hatujaweka kapu vizuri.

Tulipogeuka kuondoka, mama yako alisimama, akamgeukia mumeo.

“Baba, mfuko wa shati.”

“Moja tu, mama. Naomba.”

“Hiyo ndiyo m yao. Bila hiyo hakuna atakayeandika mama.”

Aliitoa kadi mfukoni, akautazama mwandiko, akairudisha kwenye bahasha yake kwa mkono wake mwenyewe. Tukiwa bado uwanjani tukalisikia darasa zima likitamka sauti ya kwanza, kwa nguvu, ovyo, na kwa furaha.

Wanaokukumbuka ni mumeo. Mama yako, ambaye hajambo na anafanya kazi. Mdogo wako, aliyerithi mkasi. Walimu wenzako, akiwemo wa filimbi. Na watoto wako wa darasa la kwanza, uliowafundisha na unaowafundisha sasa.

Lala kwa amani, Chiriku. Siku zote tuko nawe moyoni.