Boila Isiyoachwa Peke Yake

Lubudi

Yaya Mbuyi mpenzi,

Mimi ni mzima, kwa hiyo ulale bila wasiwasi.

Treni yetu sisi watu wa Kasai, tuliofukuzwa kwa ajili ya kabila letu, imekwama hapa, na mzee mmoja, fundi wa reli, amenipokea kwake. Simtaji jina kwa kuwa kadi husomwa njiani. Uani ameunda mfano wa injini ya mvuke ya zamani, ile ya ajabu yenye boila, pipa la kuchemshia maji, katikati na mashine mbili, moja mbele, moja nyuma. Ni ndefu kama kitanda, inakula makaa, na inavuta watu wazima kwenye reli inayozunguka nyumba.

Jana vijana wa wale wanaotufukuza walikuja kutafuta watu wa Kasai. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya boila nikitazama kimo cha maji kwenye kioo chake, kama mzee alivyonifundisha. Nikabaki pale pale.

"Wee, toka pale," mmoja alisema.

"Mukimutosha pale kwa boila, nani atachunga mayi?" mzee akauliza. "Mayi ikiisha na moto iko ndani, hii kitu itapasuka na sisi wote. Mungojee moto izime. Ama mupande."

Walipanda. Walizunguka wakicheka kama watoto, nami nimeketi kwenye injini, macho kwenye kioo. Kila moto ulipopungua, mzee aliongeza makaa kimyakimya. Mwishowe walichoka, wakaenda zao bila kunichukua.

Leo treni inaondoka. Ukiwasha makaa ya mbabula jioni, umwombee mzee huyu. Shemeji na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kalala