Nukta za Kijani

Malindi, Alhamisi, 1987

Joto tangu alfajiri, upepo hakuna. Macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Naandika kwa herufi kubwa kubwa, na hata hizi sizioni vizuri.

Leo ilikuwa hitima ya arubaini ya baba.

Tangu hoteli ninayofanyia kazi ilete kompyuta ya kuandikishia wageni, taipu yangu imefunikwa kitambaa na mimi nakikodolea macho kioo cheusi kutwa. Herufi zake ni za kijani, na ukizikazia macho unakuta ni vitone tu vilivyopangwa, tena vichache mno. Nane inafanana na tatu. Jicho halipati pa kutulia. Fundi aliyekuja kuifunga alisema vipo vioo vya vitone vingi zaidi, vinavyosomeka kama kitabu. Nilimweleza meneja, akacheka.

"Si unaziona, Zuhura? Basi andika."

Naziona. Hata nikifumba macho naziona.

Mama yeye ameshakata shauri. "Wamekutia jicho, mwanangu. Mwanamke wa kwanza mtaa huu kukalia mashine ile, wataacha kukutazama?" Akanifukiza ubani mpaka nikakohoa, kisha akanipaka wanja. Moshi na wanja, kwa macho haya! Lakini mama yuko edani, bado anamkalia baba, sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Alasiri nyumba ikajaa wanawake, juzuu za Kurani zikagawanywa, kila mmoja na yake. Nikafungua yangu. Baba ndiye aliyenisomesha, barazani, akinionyesha kila herufi kwa kijiti. Leo nukta zilianza kutembea. Ba ikawa ta, ta ikawa tha, mistari ikapandana. Nikajaribu kuisogeza mbali, nikajaribu jicho moja. Wenzangu walikuwa wanamaliza mmoja mmoja, wananitazama. Juzuu moja ikibaki, hitima haijatimia.

Nikamgeukia shangazi, dadake baba.

"Nisomee, shangazi. Macho."

"Ya babako nikusomee mimi?"

Aliipokea akaisoma, na mimi nikakaa na mikono mitupu mapajani, nikalia. Walidhani namlilia baba.

Majirani wote wamemsomea. Mimi mwanawe sikumsomea hata aya moja.

Kesho asubuhi nitaiwasha tena ile mashine, maana sasa mimi ndiye ninayemlisha mama. Baba, macho uliyoyasomesha nimempa nani?