Ijumaa ya Kwanza Bila Barua

Ísafjörður,
Jumamosi, 27 Januari 2024.

Mpendwa Shangazi Svanborg,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la huko Australia halikunyimi usingizi. Macho yanaendeleaje? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, usome mwenyewe bila kumngoja mjukuu wako Leifur atoke kazini. Sisi hatujambo. Mume wangu Ketill aliugua mafua wiki nzima, akajiuguza kama mtu anayeaga dunia, lakini juzi alipona ghafla aliposikia harufu ya chapati za maji.

Juzi ndiyo ilikuwa siku ya kahawa ya jua. Jua lilichungulia juu ya mlima kwa dakika nane, mara ya kwanza tangu Novemba, likafika mpaka dirisha la jikoni, nasi tukalipokea kwa kahawa kama desturi. Nilikula chapati tano zenye jamu na krimu, na sikuona aibu.

Sasa nikueleze mkasa wenyewe, maana najua ulishangaa. Kwa miaka sita sikukosa Ijumaa hata moja kuwatumia wasomaji wangu ile barua ya kompyuta: habari za mashamba yaliyohamwa huku kwetu, mapishi, soksi za sufu, visa vya Bibi. Wamefika elfu moja na mia nne. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujibu, karibu kila mara kwa maneno yaleyale matatu: "Nimesoma. Kitabu je?"

Shangazi, swali hilo lilinichoma. Kitabu cha Hrafnavík, shamba mlilozaliwa, nilikuahidi siku tuliyomzika baba, na sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja. Kila nilichokijua nilikimalizia kwenye barua ya Ijumaa. Halafu mwezi wa tisa ukaniambia daktari amesema macho yako yanafifia. Tangu hapo kila wiki nikawa naandika barua ya kuwaaga wasomaji, naogopa, naiweka pembeni, natuma nyingine ya soksi.

Ijumaa ya tarehe 19 nilikusudia kutuma mapishi ya chapati. Nikabonyeza, nikafunga kompyuta. Kesho yake asubuhi nikaenda zangu kwenye bwawa la maji moto kama kawaida, theluji ikitudondokea vichwani.

"Haya, mpisheni mla soksi!" akapiga kelele Grímur, yule nahodha mstaafu.

Sikumwelewa. Hjördís wa posta akasogea kunipa nafasi. "Umetuacha kwa barua kama mchumba mwoga! Eti, 'Nikiandika tena habari za soksi, nitazila zenyewe.' Ndivyo watu wanavyoagana, mwenzangu?"

Kumbe nilikuwa nimetuma ile ya kuaga, tena ile niliyoiandika nikiwa na hasira! Nilizama mpaka puani.

"Usijifiche bwana," akasema Grímur. "Mimi niliacha kuzisoma mwaka juzi, anasoma mke wangu. Mimi nangoja hicho kitabu ulichosema unakwenda kuandika. Kiko wapi?"

"Kichwani."

"Sasa cha kichwani nitampaje mtu Krismasi? Nikufunge wewe mzimamzima kwenye karatasi?"

Wakacheka wote, nami nikacheka mpaka nikameza maji. Nilitua mzigo palepale. Miaka yote nilidhani nikikosa Ijumaa moja tu watu wataandamana mpaka mlangoni kwangu. Waliolalamika walikuwa watatu, na mmoja wao alitaka mapishi ya chapati tu.

Ila wewe ulikaa kimya siku tano. Hapo ndipo nilipokosa raha. Nilijiona nimekunyang'anya kitu ulichokuwa ukikingoja wiki nzima, ukiwa peke yako mchana kutwa. Mpaka Jumatano likaja jibu: "Nimesoma. Afadhali." Nililia jikoni, Shangazi, kilio cha mtu aliyefunguliwa kamba.

Jana ilikuwa Ijumaa ya kwanza bila barua. Saa nne mkono ulikwenda wenyewe kwenye kompyuta, nikaurudisha. Nikakaa na daftari mpaka chakula cha mchana. Kurasa zimefika kumi na moja, na hakuna soksi ndani yake.

Lakini nimekwama. Ni ile asubuhi ya 1948 mlipohama. Najua Bibi alipiga deki nyumba nzima kabla ya kupanda boti, kana kwamba kuna wageni wanakuja. Miaka mitatu iliyopita niliwaandikia wasomaji kwamba alifunga mlango, akautupa ufunguo baharini. Saa ya kutuma ilikuwa imefika, nikabuni. Watu waliniandikia kwamba wamelia. Wewe ulijibu: "Nimesoma. Sivyo." Niliona aibu kukuuliza zaidi, na Ijumaa iliyofuata nikaandika mambo mengine.

Ketill anakusalimu sana, na binti yetu Salka anasema soksi ulizomfumia bado zinamtosha. Msalimie Leifur na mama yake. Mungu akutunze, akuachie nuru ya macho yako hata ukurasa wa mwisho uusome mwenyewe.

Miaka sita mimi nimeandika na wewe umejibu kwa maneno matatu. Sasa naomba tubadilishane. Andika wewe, hata kama mistari itapanda na kushuka, au mtajie Leifur aandike. Baba alikuwa mchanga wa miezi minne. Katika waliosimama pale umebaki wewe tu. Sina tena haraka ya kubuni, na nafasi ya mistari minne nimeiacha tupu katikati ya ukurasa wa kumi na moja.

Bibi alipomaliza kupiga deki na kutoka na ndoo yake, mlango aliufanyaje?

Ni mimi mtoto wa Kjartan, nikupendaye siku zote,

Álfrún