King'ora cha Alhamisi

Kutoka kwa Fundi Cherehani,
Mtaa wa Chini, karibu na daraja.
Jumapili, 19 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Kifua chako kinaendeleaje? Natumaini baridi ya huko haijakurudisha kitandani, na kwamba wifi na mtoto hawajambo. Sisi tu wazima na mama ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa kuwa najua umesikia habari za mto na hukunipata hewani. Simu yangu iliingia maji.

Sasa kaa nikueleze, maana nisiposema nitapasuka.

Jumanne serikali ya kaunti ilituletea zoezi la maafa. Mwezi mzima gari la kipaza sauti lilikuwa likipita: king'ora kikilia, kila mtu wa mtaa wa chini aache alichonacho apande hadi shule ya kilimani. Mimi nimo kwenye kamati ya mtaa, basi nikateuliwa kuwa majeruhi. Tukifika shuleni nivishwe kadi shingoni, "mguu umevunjika", nilazwe kwenye machela.

King'ora kililia saa tatu asubuhi. Watu walipanda vizuri tu. Mama hakutaka, nikambembeleza, akapanda na fimbo yake na yale magoti yake unayoyajua. Kufika juu, tukaambiwa tumsubiri mgeni rasmi. Tulimsubiri juani mpaka saa saba. Mimi na mguu wangu uliovunjika tulisahauliwa kwenye machela kando ya choo, kwa sababu waliopaswa kunibeba walikwenda kupiga picha. Mgeni alipofika alisema dakika tano, tukagawiwa kofia zenye namba ya dharura, kwaheri. Kesho yake mama aliamka magoti yamevimba. Akaniambia, "Mwanangu, mimi na king'ora chenu tumemalizana."

Alhamisi mvua ilinyesha huko juu milimani. Kwetu jua linawaka. Saa nane mchana king'ora kikalia. Nikaacha mkasi, nikatoka mlangoni. Hakuna aliyeinuka. Kinyozi aliendelea kunyoa. Muuza viatu akauliza, "Leo wanagawa nini, fulana?" Watu wakacheka, na nakuungamia, nami nilicheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ndipo nikaona maji ya mfereji yamegeuka, hayaendi tena mtoni, yanarudi kwetu.

Nilikimbia kwa mama. Nikamkuta ameketi kitandani, miguu juu ya kigoda, anatia kifungo kwenye blauzi.

"Mama, mto umekuja."

"Hata Jumanne ulikuja."

"Tazama mlangoni."

"Nimetazama vya kutosha. Mwambie mgeni rasmi anifuate hapa hapa."

Nikamvuta, akashika nguzo ya kitanda. Mama wa miaka sabini na minne, tunavutana kama watoto, na maji yanapenya chini ya mlango. Hakuamini mpaka yalipopanda juu ya kigoda yakamgusa nyayo. Akaninyanyulia uso. Akasema polepole, "Kumbe ni kweli." Kisha akajaribu kusimama, magoti yakakataa.

Nilipiga namba ile ya kwenye kofia. Iliita mpaka ikakatika. Baadaye tukajua kwamba afisa wa maafa na watu wake wote walikuwa mji mwingine, kwenye semina ya kutathmini zoezi la Jumanne. King'ora kilikuwa kimepigwa na mlinzi wa daraja, peke yake, bila kuagizwa na mtu.

Aliyetuokoa ni kinyozi. Aliingia na aproni yake kifuani, akampachika mama mgongoni, maji yakimfika kiunoni, mimi nyuma nimemshikilia asidondoke. Kufika shuleni, ni likizo, lango lina kufuli na ufunguo afisa ameondoka nao semina. Mchinjaji alilivunja kwa shoka lake.

Muuza viatu alirudi kuokoa viatu vyake. Tulimzika jana.

Afisa alitokea Ijumaa na koti jipya la kung'aa, akatangaza redioni kwamba wananchi walipuuza tahadhari. Nilimfuata, nikamwuliza mbele ya watu ni nani aliyetufundisha kuipuuza. Akanijibu niandike maoni yangu, yatajadiliwa. Mdogo wangu, nimechoka na watu hawa hadi kwenye mifupa.

Tunalala darasa la nne kwa sasa. Cherehani moja imepona. Lakini mama ameshaanza kupiga deki nyumba yake, na anasema hahami ng'o. Kwa hiyo nakuomba: mpigie kwa simu ya kinyozi. Usimlaumu, na usimcheke. Mwambie tu kwamba king'ora kikilia, hata kikilia mara mia na zote ziwe za uongo, yeye ainuke. Wewe ni kitinda mimba, atakusikia. Mimi siwezi kumwambia tena, kwa sababu Jumanne ni mimi niliyempandisha kile kilima.

Mjomba anakusalimu, shangazi naye, na kinyozi anasema ukija utanyolewa bure. Mbusu mtoto. Mungu awalinde huko, na sisi asituache mikononi mwa kaunti peke yake.

Nikupendaye siku zote,
Dada yako, Fundi.